Haikuwa Kisonono

Iyula, 9 Juni 1953

Kwa mke wangu Teresia,

Pokea salamu. Kahawa imeiva, na mama anaichuma peke yake.

Ulipoona damu kwenye mkojo wangu ulirudi kwenu Msangano, ukasema nimekuletea kisonono. Hata dresa, yule mtibabu msaidizi wa dispensari, alinichoma sindano za kisonono. Juzi daktari wa Mbeya alinipima upya.

"Ni kansa ya njia ya mkojo," alisema. "Hukuipata kwa mwanamke."

Nikamwuliza kama atanipasua. Akanipapasa mitoki, zile tezi zilizovimba kinenani, akatikisa kichwa.

"Imeshaenea, bwana. Sijui kama utaiona Krismasi."

Sikulazimishi urudi, ingawa natamani. Ila ukisikia nimekufa, unililie bila kinyongo, Teresia. Sikukusaliti.

Mumeo,
Andongwisye