Pengo la Rafu ya Tatu

Jumatano, baada ya isha

Eti vitabu vyote virudi rafuni kabla ya Ijumaa, kwa sababu wageni wanakuja. Vyote. Mkuu wa shule kasema rafu yenye mapengo inatutia aibu.

Vitabu mia mbili na kumi na nne. Vingi nimeviomba mwenyewe nyumba kwa nyumba huko Raskazone, na vilivyochanika nimevishona kwa mkono wangu. Arobaini na kimoja viko nje. Yeye anaita upotevu. Mimi naita watoto arobaini na mmoja wanaosoma. Hesabu ni ileile, ila yeye...

Leo Mwanaidi wa kidato cha kwanza karudisha chake, kakifunga kwenye kipande cha kanga. Januari alikuwa hawezi kumaliza sentensi moja. Sasa kila jioni anamsomea bibi yake anayekaanga vitumbua Chumbageni. Mkuu akaona doa la mafuta kwenye jalada. "Mama maktaba, hiki ndicho cha kuwaonyesha wageni?"

Mtoto akainama. Mkuu alipotoka, akaninong'oneza, "Mwalimu, bibi anauliza, yule binti wa kitabuni mwisho aliolewa au alikataa? Tulibakisha kurasa tisa."

Nikakifunga tena kwenye kanga, nikampa.

Naogopa, sikatai. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na wa kuusaini ni yeye Mkuu. Lakini Ijumaa wageni wakiuliza lile pengo la rafu ya tatu, nitawaambia kitabu kiliko: Chumbageni, kando ya chuma cha vitumbua, na kuna mtu anakisikiliza.