Taa ya Diski Iliyochelewa Kuzimika

Mpendwa Shangazi,

Naomba unishike mkono, maana nimelikoroga na kulinywa nashindwa. Mimi ni fundi wa kompyuta hospitalini, mwaka wa kumi na moja huu, na kompyuta inayotunza picha za eksirei ina diski mbili, kila picha inaandikwa kwenye zote mbili ili moja ikifa nyingine ibaki, sasa miezi miwili hii kuhifadhi kukawa kwa kusuasua, asubuhi picha tano sita zinaingia chapchap, baada ya hapo moja tu inakula dakika nne, wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi, daktari anafoka, nami bila kupima chochote nikaandika ripoti kwamba tatizo ni dada wa mapokezi, eti anafungua mambo mengi kwa mpigo kwenye kompyuta hiyo, na mkubwa wetu kaamua Jumatatu ahamishiwe stoo ya mashuka.

Huyo dada tunamwita Daftari kwa kuwa kila kitu anaandika. Juzi kaniita kwa upole, "Kaka, hebu njoo uone." Kumbe wiki tatu nzima amekuwa akiandika muda wa kila picha kwa saa yake ya mkononi, tena amezichungulia taa za zile diski. "Zinawaka pamoja," akasema, "lakini ya kushoto ikishazimika, ya kulia bado inahangaika. Hawa si pacha, kaka." Shangazi, ya kulia niliiweka mimi, ya zamani ilipokufa miezi miwili iliyopita nikachomeka ya bei rahisi niliyoikuta kabatini, nikijisemea diski ni diski. Nikazipima mojamoja: ya kushoto haina neno, ya kulia inaanza kwa mbio kisha inaishiwa pumzi. Miaka kumi na moja sijawahi kutazama taa! Hajasomea ufundi lakini kanizidi macho, na kila nikimwona namvulia kofia kimoyomoyo, ila hajui ripoti ni yangu. Je, nibadilishe diski kimyakimya yaishe?

Fundi Mwenye Haya

Fundi,

Kimyakimya? Thubutu! Diski itapona, na mtoto wa watu atakunja mashuka kwa kosa lako.

Haki yako nikupe: ulipoonyeshwa ulipima, na hukumwonea wivu. Wengi wangemwambia akae na daftari lake. Nimemuuliza mpwa wangu, ambaye kazi yake ni hizo hizo, akacheka: "Shangazi, wawili wakibeba kabati, mwendo ni wa yule aliyechoka." Kompyuta haisemi tayari mpaka diski zote mbili zimalize kuandika. Dada huyo ameligundua hilo kwa saa ya mkononi! Mwanangu, mnaye mtu wa maana hapo, halafu mnampeleka stoo.

Kabla hujagusa bisibisi, mwambie yeye kwanza, uso kwa uso: "Ripoti niliandika mimi, na nilikosea." Atakasirika, mwache akasirike. Kisha nendeni wote kwa mkubwa, uiondoe ripoti hiyo kabla ya Jumatatu. Ndipo unakili picha zote mahali pengine salama, maana diski mbili si akiba, ukifuta kwa bahati mbaya zinafuta zote. Weka diski inayolingana na ya kushoto, subiri inakili picha za mwenzake mpaka mwisho, halafu mwite yeye apime.

Na sifa zote hizi umeniandikia mimi, nisiyemjua hata sura. Kazisemee mbele ya mkubwa wenu, mwenyewe akisikia.

Shangazi