Kitanda Kwenye Baraza

Jumanne, 4 Novemba

Madaftari arobaini na mawili ya darasa la tatu. Nimeyasahihisha nikiwa nimekaa juu ya kitanda, barazani, miguu ikining'inia. Siku ya nne kitanda kiko nje. Kuku ameshataga chini yake.

Kosa ni langu. Naliandika hapa kwa sababu mbele ya watu sitalisema. Nesi wa hospitali ya Kirotshe alisema Mama akitoka asilale chini, nyonga iliyovunjika haitaki mkeka. Kitanda kirefu kwenda juu, kipana, nilale naye ili niweze kumgeuza. Nikachukua kamba, nikapima chumba. Fundo moja la urefu, fundo moja la upana. Nikampelekea Papa Deo, mwuza vitanda wa Sake. Akakitengeneza sawasawa na kamba. Chumbani kingekaa vizuri sana.

Mlango sikuupima. Milango yetu huku Ngungu ni myembamba kwa sababu ya baridi, kila mtu anajua. Na mimi ndiye ninayefundisha hesabu.

Ni cha libuyu, mbao nzito ya msituni, gundi na misumari. Hakifunguki. Tumejaribu kwa kichwa, kwa miguu, kwa ubavu. Hakipiti.

Jumatano, 5 Novemba

Rezo, mtandao wa simu, inapatikana kwenye mikaratusi tu, juu ya kanisa. Nimepanda baada ya masomo, matope tele. Nilitaka jambo dogo: Papa Deo achukue hiki, anipe chembamba. Amekubali haraka, hata nikashangaa. Halafu akaongeza: "Lakini Mama mwalimu, frais ya retour iko juu yako. Kamba yako njo ilikosea, haiko miye."

Ada ya kukirudisha Sake aliyoitaja inakaribia bei ya kitanda chenyewe. Nimekata simu. Nimeteremka nikiongea peke yangu. Jirani yangu Mama Riziki amenisalimia, sikumwitikia. Kesho nitamwomba radhi. Pengine.

Ijumaa, 7 Novemba

Kila apitaye sasa ni fundi. Mmoja kasema kikatwe miguu. Mwingine kasema nihamie barazani.

Safari, mdogo wangu, amekuja na nyundo. "Dada, tutoe mbao za ukuta, kitanda iingie, turudishe. Njo kazi ya saa moya."

Ni kweli. Nyumba za mbao hufanyiwa hivyo. Za wengine. Ukuta huu Baba aliupiga mwenyewe, msumari kwa msumari, mwaka aliomleta Mama hapa. Baba hayupo tena. Picha yake sina hata moja. Nina ukuta. Kila kiangazi naupaka mafuta machafu ya gari ili mchwa wasiuguse.

Nimemfukuza Safari. Ameondoka na nyundo yake na ndizi zangu.

Nimemkasirikia kwa sababu ana haki. Hilo nalo niliandike.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Turubai limevuja, libuyu imeanza kufanya madoa. Nimekipangusa kwa kitenge changu cha kanisani.

Furaha, dada yangu anayemlinda Mama hospitalini, ametuma ujumbe: Mama anatoka Ijumaa. Siku tano. Nimefurahi, kisha nimeogopa.

Nimeomba kanisani. Katikati ya sala nikajikuta ninagombana na Papa Deo. Nilikuwa ninashinda.

Jumatatu, 10 Novemba

Papa Deo hashiki simu. Mara nne. Nimeupiga mkaratusi ngumi. Mkono unauma, mkaratusi hauna habari.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeiona! Ilikuwa ndani ya Biblia. Karatasi ya kupokelea kitanda.

Siku ile Justin, dereva wa Papa Deo, alinilipisha safari mbili. "Mama, unalipa aller-retour, juu niko narudia vide." Kwenda na kurudi, kwa kuwa gari lingerudi tupu. Nililipa bila kuuliza. Huku wote tunalipa hivyo, hakuna anayeuliza. Na imeandikwa, kwa wino, na muhuri juu yake: aller-retour.

Basi ile retour nimeshailipa! Nimepiga picha, nimepanda kilima karibu nikimbie, nimetuma.

Jibu lake: sauti ndefu, na randa inakwaruza nyuma yake. Ile retour ilikuwa ya gari, haikuwa ya kitanda. Gari lilisharudi. Retour yangu imekwisha.

Nimeisikiliza mara tatu. Hasira mpaka meno yanauma. Leo darasani nimemfokea mtoto aliyejibu vizuri.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeamka nikiwa na jibu. Sikunywa hata chai.

Nimemtumia sauti yangu, polepole, kama ninavyofundisha kugawanya. Kama nililipa gari lirudi tupu, basi ule utupu ni wangu. Niliununua. Anirudishie, niweke kitanda changu ndani yake. Nikaongeza kwamba wazazi wa shule nzima wananiuliza nilinunua wapi, na mimi sipendi kusema uongo. Hicho ni kitisho. Sijutii.

Saa kumi akajibu: "Sawa, Mama mwalimu. Umenishinda. Justin atapita Ijumaa, bila frais."

Nimepiga kelele ya furaha peke yangu, mbuzi wa jirani wakaacha kula. Halafu sauti ikaendelea. Kitanda chembamba kitakuwa tayari baada ya majuma mawili.

Majuma mawili. Na Mama anafika keshokutwa. Nimepata haki yangu yote, na Mama atalala chini. Mjinga mimi.

Ijumaa, 14 Novemba

Wamefika pamoja, kama waliopatana. Justin na gari lake tupu upande wa barabara, na Mama upande wa njia ya mashamba. Teksi ilinasa kwenye matope, wanaume wanne wakamleta kwa kipoyi, ile machela ya miti. Amekonda. Viatu vyake Furaha alivibeba mkononi, na hicho ndicho kilichoniliza.

Wakamlaza mahali palipokuwa karibu: kitandani, barazani. Akapapasa libuyu, akasema ni mbao nzuri. Akauliza kwa nini kitanda kiko nje. Nikamweleza yote, kamba, kilima, aller-retour, ushindi wangu. Justin alikuwa amesimama pale, akitazama viatu vyake. Nikasema leo kinarudi Sake. Nikasema ukuta wa Baba hauguswi na mtu.

Mama akaniangalia sana. Kisha akacheka mpaka nyonga ikamuuma.

"Weye mutoto! Toa zile mbao tatu za karibu na dirisha. Ziko na misumari mifupi. Baba yako aliwekaka vile juu kitanda yetu ilipitia pale."

Nikakaa chini. Miaka yote hii ninaupaka mafuta ukuta huu, sijawahi kuona kitu. Safari, aliyekuja kumpokea Mama na nyundo yake, akagusa, mbao ya kwanza ikatoka bila ubishi. Ya pili. Ya tatu. Justin akashika mguu mmoja wa kitanda, wabeba kipoyi wakashika mingine. Mama alitaka aingie akiwa juu yake. Nilikataa. Kikapita, na nafasi ya mkono ikabaki.

Justin amerudi Sake vide. Hakuthubutu kunitajia retour.

Jumamosi, 15 Novemba

Jua kidogo. Mama ameshinda kitandani akitazama shamba la maharage kupitia pale palipo wazi.

Nimeokota misumari ya Baba kwenye majani. Kumi na miwili, mifupi, yenye kutu. Nilikuwa nimenunua mipya mirefu, ili upepo usipenye. Mama ameniona nayo mkononi.

"Acha ile mirefu," amesema. "Rudisha mifupi. Siku moya watanibeba, na miye nitapitia pale."

Mirefu nimeiweka kwenye kopo. Mifupi nimeinyoosha juu ya jiwe, mmoja mmoja, nikairudisha kwenye matundu yake. Nimepiga polepole. Mama alikuwa ameshasinzia.