Ng'ombe wa Baba Uliowakusanya

Mdogo wangu mpendwa,

Hilo neno "mpendwa" nimeliandika kwa sababu barua huanza hivyo. Usiliweke moyoni.

Unaikumbuka ile semina ya uwekezaji pale Karatu? Mimi nilikuja na mfuko wa shanga ninazowauzia wageni, wewe na shati lililopigwa pasi. Mwalimu alieleza hisa, hati fungani, vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na viwanja, akasema tusiweke mayai yote kwenye kapu moja. Uliyaelewa kuliko sisi sote, hilo sikunyimi. Siku ile nilijivunia kuwa dada yako.

Nilirudi na fomu ya vipande, nikawa naweka hela ya shanga kidogo kidogo. Ukanicheka. "Dada, hivyo ni vya waoga." Wewe ulitaka kiwanja kimoja kikubwa kando ya lami, ujenge nyumba ya wageni, watalii wakitoka kreta walale kwako.

Tukashuka Olbalbal kwa baba. Asubuhi, tunakunywa chai, ukamweleza habari ya mayai na kapu. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe hilo mpaka watu wasome? Ng'ombe wangu wengine wako Soitsambu, wengine Enguserosambu. Ukame ukipiga huku, kule nina maziwa."

Ukamwambia ng'ombe wanaokaa kwa marafiki ni mali ya mdomoni. Awarudishe wote, dalali aone kundi moja, bei iwe nzuri, hela ya kiwanja chako ipatikane. Kwa kuwa alikusomesha, akakuamini.

Mimi ndiye niliyeenda naye kuwachukua, wewe ulibaki na simu yako. Unajua vizuri kwamba kwetu ukimpa mtu ng'ombe mnaacha majina yenu, mnaitana Pakiteng, yaani mliopeana ng'ombe, mpaka kufa. Rafiki yake wa Soitsambu alifungua zizi bila ubishi, kisha akamuaga baba kwa jina lake la kuzaliwa. Njia nzima mzee alikuwa akigeuka kutazama tulikotoka.

Dalali alikuja, akataja bei ya maana. Ukasema tusubiri, itapanda. Tukasubiri. Mvua nayo ikasubiri. Nyasi zikaisha, ng'ombe wakawa wanalala hawainuki, na hapakuwa na mtu wa kumpelekea hata ndama mmoja, maana milango yote uliifunga wewe. Wa mwisho anakufa, wewe ulishapanda basi la Arusha. Kwa kukimbia, kweli una akili.

Sasa unanitumia ujumbe kwamba moyo unakuuma, baba akusamehe. Jana ukaongeza kwamba umepata fursa nyingine, niuze vipande vyangu nikutumie. Huna haya hata kidogo. Sikupi hata senti, na nikisikia umemwomba mtu mwingine wa ukoo huu, nitakufuata huko nikuaibishe mbele ya watu.

Msamaha ulishaupata siku ile ile uliyopanda basi, na hilo ndilo linalonichoma. Mzee anachunga ng'ombe wa kijana wa rika lako, kwa mshahara. Kijana humwambia, "Mzee, changamka." Na watu wakimuuliza habari zako, baba husimama wima kabisa: "Mwanangu yuko Arusha. Ni mwekezaji." Anasema akiamini, na mimi nimechoka kumsikia.

Njoo umwambie mwenyewe wewe ni nani, kisha uichukue ile fimbo mkononi mwake ukachunge. Nauli nitatoa mimi.

Dada yako, yule mwoga.