Mchumba Anayeomba Kukataliwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo wajomba zangu wanapeleka tambuu kwa kina Syafril kumposa, maana kwetu upande wa mwanamke ndio unaoposa, na kwao wameridhia, na mjomba Nasrul mwenye kauli ya mwisho nyumbani ameridhia, hakuna aliyepinga, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu Syafril anamhusudu shujaa wa ile riwaya ya zamani tuliyosoma shuleni, yule kijana aliyenyimwa mchumba akaenda kufia ugenini kwa kifua, basi juzi kaja na shali shingoni, anakohoa, akamwambia mjomba, ambaye kwetu huitwa mamak, "Mamak, nakuomba unikatae, hata kidogo tu," mjomba akamjibu, "Nikukatae kwa kosa gani? Hebu kaa ule," akala sahani mbili za nyama ya rendang, kisha akaninong'oneza kwamba penzi lisilo na kizuizi halina hadhi, atakwenda Jakarta akateseke, na paa la jiko la bibi aliloahidi kulitengeneza linavuja bado, yeye anatunga mashairi ya kuagana, nami nampenda, na riwaya ile iliniliza mimi pia, sasa je, ni ubinafsi kutaka mume mzima? Tambuu liende au lisiende?

Yusnidar, Payakumbuh

Mjukuu wangu Yusnidar, pole, ingawa nimecheka mpaka miwani ikadondoka.

Ulilia, sawa, lakini ulisoma? Rudi kwenye sura ya kuondoka. Kijana ameshakataliwa, mzigo ameufunga, lakini kwanza anamaliza kuchimba bwawa la samaki la mjomba wa mchumba, yuleyule aliyemkataa, kwa kuwa aliahidi. Kurasa mbili nzima za tope. Wasomaji huziruka, hukimbilia kikohozi. Tunamheshimu kwa tope lile: alifungiwa mlango akabaki muungwana. Mateso hakuyatafuta, na angefunguliwa angeingia mbio, hata viatu asivue. Syafril wako mlango uko wazi, yeye anatafuta kufuli!

Nawe una lako. Kila akikohoa unamtazama kwa huruma, unamlisha ugonjwa.

Kutaka mume mzima si ubinafsi. Mwambie mjomba tambuu lisitoke nyumbani mpaka jiko la bibi liache kuvuja. Mpe Syafril nyundo na ngazi. Akichagua Jakarta, aende, wala usimsindikize kituoni. Akipanda, mposeni. Na mkimsikia anakohoa huko juu, hilo ni vumbi la paa: mpeni maji, msimlilie.