Nimetoa Mahari ya Santuri, Sasa Zimejikunja

Mama Koku mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia nikiomba unisaidie kabla sijapoteza mchumba na kilo tano na nusu za mafuta kwa mpigo mmoja. Mimi ni dijei wa hapa Temeke, jina langu Twaha, sikuachiwa kitu na mtu, nilianza na spika moja ya kuazima na leo nina mashine mbili za santuri, jenereta, na santuri mia nne na kumi na mbili ambazo kila moja najua niliinunua wapi na kwa nani, na kazi yangu ni harusi, ubatizo, kipaimara na disko toto la Jumapili, hasa kwenye nyumba zisizo na umeme ambako bila jenereta yangu wageni wangekaa wanatazamana.

Sasa Mama, tangu Iraki iingie Kuwait mwaka jana unajua mwenyewe petroli ilivyotufanya. Jenereta yangu inakunywa lita moja na robo kwa saa, harusi ni saa saba, hizo ni lita nane na robo tatu, na hapo bibi harusi bado hajatoka ndani. Nikipandisha bei wateja wananiita mwizi, nisipopandisha nawalipia mimi kucheza. Na kuna Mudathir wa Keko, yeye ana redio-kaseti na betri ya gari, hana jenereta, hana sindano, hana hata meza, anaweka kanda anakwenda kula pilau kama mgeni mwalikwa, na watu wanamwita dijei! Nikawa najiuliza kama santuri zina kesho yoyote au nimetumia miaka kumi na moja kukusanya vifuniko vya mitungi.

Katikati ya mawazo hayo nilipiga muziki kwenye kipaimara cha mtoto wa bwana Isack wa Kipawa, ambaye ni karani kwenye bohari ya mafuta, mtu msomi, akaja kwenye meza yangu akachukua albamu moja akaigonga kwa kucha akaniambia, "Dijei, unajua hizi sahani zako ni petroli iliyogandishwa?" Nikadhani ni bia inayosema. Akaniapia kwamba santuri inatengenezwa kwa plastiki na plastiki inatengenezwa kwa mafuta yaleyale ya Uarabuni, na mafuta yakipanda santuri nayo lazima ipande.

Mama Koku, wiki nzima sikukaa vizuri. Kumbe nimelalia utajiri! Nilichukua albamu arobaini nikaenda nazo kwa muuza nyama wa Tandika, nikamwomba azipime kwenye mizani yake, zikatoka kilo tano na nusu kamili, ina maana zote mia nne na kumi na mbili ni kilo hamsini na sita na ushee za mafuta, ndani ya chumba kimoja cha kupanga. Petroli ilikuwa imepanda mara moja na nusu. Kwa mwendo huo albamu arobaini ni sawa na sitini leo, tisini mwakani, na mwaka unaofuata mia moja thelathini na tano, bila mimi kunyanyua mguu.

Nikaamua mambo mawili, na yote yalikuwa ya hesabu, hakuna hata moja la ujinga. La kwanza, sindano ikipita juu ya santuri inaikwangua, kwa hiyo inakula mafuta, kwa hiyo nikaanza kupiga nusu ya kila wimbo. Watu walilalamika kidogo. Kwenye harusi moja ya Mtoni shangazi wa bwana harusi aliinuka akakunja noti yake vizuri aende kumtunza bibi harusi, akaja kwa madaha hatua moja moja, alipofika katikati wimbo ukawa umekwisha, akabaki amesimama na mkono juu kama trafiki. Aliniita jina ambalo gazeti lako haliwezi kulichapisha.

La pili ni mahari. Nina mchumba, Najma, binti wa mzee Fakihi wa Kunduchi, na barua ya posa ilishakubaliwa, ikabaki mahari tu. Nikasema kwa nini nimpe mzee pesa ambayo kila mwezi inapungua nguvu wakati naweza kumpa kitu kinachoongezeka? Nikazifunga zile albamu arobaini kwa kanga mpya, nikaongeza santuri ndogo kumi za kilemba cha baba na taarabu mbili za mkaja wa mama, nikampa mjomba wangu Bakari, fundi baiskeli, ambaye ndiye mshenga. Mjomba aligoma. "Mie nimeagizwa mahari, sijaagizwa kuhamisha nyumba." Nikamwonyesha hesabu kwenye karatasi. Alikwenda, ingawa njia nzima alikuwa akimwomba Mungu amsitiri na aibu.

Kunduchi, mjomba anasema, alipofungua kanga pale mkekani mzee Fakihi aliinama kutazama.

"Bakari, hii ni nini?"

"Mahari, mzee wangu."

"Inaliwa?"

"Hailiwi. Inaongezeka thamani. Kijana ameandika hapa."

Mzee Fakihi ni dalali wa mnada wa samaki, Mama, si mtu wa kuogopa tarakimu. Alivaa miwani, akasoma karatasi yangu mara mbili, akanusa albamu moja, akasema, "Huyu kijana ana akili. Mafuta hayatashuka tena katika uhai wetu." Akapokea mbele ya mashahidi watatu. Nililala usingizi wa tajiri.

Baada ya wiki tatu naitwa Kunduchi. Mzee alikuwa ameziweka juu ya kabati chini ya bati tupu, nyumba haina dari, na bila hata kuzisimamisha, amezilaza na juu yake ameweka sanduku la vyombo. Mama Koku, zilikuwa zimejikunja kama samaki wa ng'onda! Niliweka moja kwenye mashine, sindano ikawa inapanda mlima na kushuka bonde, mwimbaji analia kama mtu anayehojiwa juu ya trekta.

Mzee akasema, "Umeniletea mali inayooza hukuniambia inaoza."

"Baba, ulipokea zikiwa nzima."

"Na nitakupokea wewe ukiwa mzima ukileta mahari nyingine, ya pesa. Ndoa ni Shaabani. Ukichelewa, kuna bwana jela wa Segerea ameshauliza habari za Najma, na yule analipwa kila mwezi."

Nikaona bora niende kwa Najma mwenyewe, anashona nguo Kinondoni, labda atasema neno kwa baba yake. Hakuinua kichwa kwenye cherehani.

"Twaha, mmekaa wanaume watatu mkanipima kwenye mizani ya nyama."

Nikamweleza kwa upole kwamba hakupimwa yeye, zilipimwa santuri.

"Basi oa santuri," akasema, na mguu wake ukaendelea kukanyaga cherehani mpaka nikaondoka.

Sasa Mama zimebaki wiki tano. Naomba unijibu kwa namba. Hasara ya mali iliyoharibika mikononi mwa mpokeaji ni ya nani? Niuze santuri zilizobaki nilipe upya, au nisubiri petroli ipande kidogo tena ndipo niuze? Na je, kwa uzoefu wako, mwanamke akisema oa santuri, inachukua siku ngapi kuisha? Nimeonewa, lakini sitaki kumkosa Najma, kwa sababu kila nikifikiria bwana jela nashindwa hata kujumlisha.

Ni mimi,
Dijei Twaha, Temeke

MAMA KOKU ANAJIBU

Marahaba, Twaha.

Pole. Nimekucheka mpaka wenzangu wa meza ya michezo wakaja kuuliza kuna nini, kisha nikakuonea huruma, kwa sababu mtu aliyeanza na spika ya kuazima akafika hapo si mvivu wala si mjinga. Wewe ni mtu mwerevu aliyefanya ujinga kwa bidii, na ugonjwa huo unatibika.

Tuanze na mafuta. Bwana Isack alikuambia kweli, santuri inatokana na mafuta. Hata kandambili zako zinatokana na mafuta. Mbona hukumpelekea mzee Fakihi kandambili arobaini? Watu hununua santuri kwa sababu ya wimbo, na wewe umewakatia wimbo. Tena wakati barua yako iko njiani, redio imetangaza kwamba mafuta ghafi yameshuka bei huko duniani. Pampu za Temeke bado hazijaisikia habari hiyo, lakini ile mia moja thelathini na tano yako ifute. Wewe na mkweo mmekutana vichwa viwili vya mnada.

Kesho ya santuri siijui. Viwanda vikiacha kuzitengeneza hutaulizwa wewe wala mimi. Ninachojua ni kwamba Mudathir hakushindi kwa masikio, anakushinda kwa betri. Basi nunua betri. Zirekodi nyimbo zako nzuri kwenye kanda, upeleke redio-kaseti kwenye nyumba zisizo na umeme, na jenereta iwashwe kwa anayeweza kuilipia. Santuri zenyewe ziweke kwa kumbi zenye umeme, zisimame wima kivulini, na upige wimbo wote. Yule shangazi wa Mtoni umwendee umwombe radhi, maana shangazi mmoja aliyeudhika anaweza kukunyima harusi za ukoo mzima.

Sasa hasara ni ya nani. Mimi si wa dini yako, kwa hiyo nilivuka barabara nikamsomea barua yako sheikh jirani yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta machozi ya kicheko, akauliza swali moja tu: "Mwenye mahari aliulizwa?" Nikatazama kwenye barua yako tena. Hakuulizwa. Mahari ni haki ya Najma, Twaha. Si ya baba yake, si ya mjomba Bakari, na si akiba yako ya kungojea soko. Angeweza kutaja pesa, cherehani, msahafu, au hata hizo santuri, na zingekuwa halali na za heshima kwa sababu ametaja yeye. Ninyi mmetoa, mmepokea, mmeziharibu, na sasa mnagombania hasara ya mali ya mtu ambaye alikuwa Kinondoni anashona. Halafu unaniuliza hasira yake itachukua siku ngapi! Haijaanza hata kuhesabiwa, kwa maana hujamwomba radhi.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiende kwa mzee kwanza. Nenda kwa Najma, useme, "Nilikosea, sikukuuliza. Unataka mahari gani?" Kisha funga mdomo. Asipotaja kitu siku hiyo, ondoka kwa adabu, urudi siku ya pili. Akitaja, usipige hesabu mbele yake, usitoe karatasi, usimwambie kitu fulani mwakani kitakuwa mara mbili. Lolote atakalotaja, mpeleke mjomba Bakari akalitamke Kunduchi mbele ya mashahidi walewale watatu, na kama itabidi uuze santuri mia ili ulitimize, uza mia. Huyo bwana jela asikutishe. Mwanamke anayemtaka bwana jela hapotezi muda kukuambia uoe santuri, angekuambia kwaheri. Lakini akikuambia kwaheri, shika njia ya Temeke kimya kimya, hasara hiyo ni yako peke yako na hakuna mizani yake.

Gazeti hili linatoka Jumamosi asubuhi. Kabla ya adhuhuri uwe Kinondoni. Ila uoge kwanza, mwanangu, na ubadilishe shati: barua yako imenifikia inanuka petroli.