Huku Wanaita Yodeli

Kaka Ambakisye,

Ndaga, kaka yangu. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaumwa. Ninyi hapo Makandana mmeamkaje? Miguu ya baba imepungua kuvimba? Anakula, au anasukuma sahani tu?

Nakuandikia kwa sababu simu inanishinda. Nikisikia sauti yako nakata simu, nawe unadhani mtandao umekatika.

Hapa Uswisi ng'ombe wamepandishwa malishoni, nami nimepanda nao. Kazi ni ileile tuliyokulia, kukamua na kuzoa mavi, ila huku milimani binadamu ni wa kutafuta kwa tochi. Nilipofika tu nilijiaibisha. Nilikuwa nakamua jioni, nikasikia sauti ya mtu ng'ambo ya bonde, inapanda, inakatika, inapanda tena. Nikaacha ndoo nikatoka mbio. Wewe ungefanyaje? Kwetu yowe likipigwa, hata aliye bafuni anatoka. Mzee mwenye ng'ombe akanidaka mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Msibani."

Akacheka mpaka akakohoa. "Hakuna aliyekufa, binti. Jirani anatusalimia."

Wanaita yodeli. Mzee anasema jina limetokana na ile "yo" wanayoitoa. Haina maneno. Sauti inaanzia kifuani, inaruka ghafla juu kichwani, kisha inashuka, na huko kuvunjika ndiko utamu wenyewe. Ilikoanzia hasa hakuna mwenye hakika. Yeye anashikilia kwamba wachungaji wa zamani waliitia ng'ombe na kuitana mlima kwa mlima. Binti yake akaniambia hata watu wa misitu ya Kongo wanaimba hivyo tangu zamani, wala hawakufundishwa na Mzungu. Nilifurahi, nikasema nitamsimulia mama Jumapili.

Kabla ya Jumapili ukanipigia kwamba mama hatunaye. Mzee alinipa mkono, mkewe akaniletea chai, basi. Huku mtu analia chooni, ananawa uso, anarudi kazini. Vibali vyangu vilikuwa havijakamilika, mkazika mimi nikiwa nakamua. Nina hasira, kaka, na sijui nimkasirikie nani. Mama alikuwa na binti mmoja tu, na huyo hakumlilia.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nilipanda mpaka ukingoni mwa malisho, nikamlilia kama tunavyolia kwetu, kwa sauti yote, nikimwita. Nilipopumzika nikasikia ng'ambo wananijibu. Kwanza mmoja, halafu na mwenzake. Walinijibu vizuri sana, kwa yodeli. Nikalia tena, wakajibu kwa furaha zaidi. Nilikaa pale nikisubiri mpaka giza likaingia. Hakuna aliyekuja.

Nisalimie baba, umshike mkono wakati unamsomea. Msalimie wifi, pole yake kwa kupika msiba mzima. Nisalimie na jirani yetu fundi cherehani wa mtaa wa Bagamoyo hapo kwetu. Nimesikia alifunga duka akaja na familia yake yote.

Nina ombi moja. Siku ya kumaliza matanga, mwambie mama mdogo wa Msasani, mtaa wa pili hapo kwetu, asimame uani apige yowe kwa jina langu, aseme huyu anayelia ni Atupele. Na wewe simama barabarani uangalie, halafu uniambie ni nani alikuja mbio.

Mdogo wako,
Atupele